Mgawanyo wa Sentimita Nne

Kimo cha kiti cha pikipiki, kwa maana inayotumiwa na watengenezaji, ni umbali wa wima kutoka ardhini hadi mahali palipobonyea zaidi pa kiti, chombo kikiwa kimesimama wima, matairi yamejaa upepo na hakuna mtu aliyekikalia. Na kwa kuwa hakuna mtu aliyekikalia, kipimo hicho huwa na ukweli wote isipokuwa ule anaouhitaji mnunuzi. Pikipiki ndogo za injini ya cc 100 hadi 150, zile zinazobeba abiria, mkaa, kreti za soda na mbuzi katika barabara za Afrika Mashariki, kwa kawaida huwa na kiti cha kimo cha karibu sentimita 78 hadi 80, ilhali zile zilizoundwa kwa ajili ya njia mbovu, zenye matairi ya meno na madigadi yaliyoinuka, huvuka 80 bila wasiwasi na baadhi hukaribia 90. Mtu wa kimo cha kati hupanda, akakanyaga chini kwa nyayo zote mbili, na asilifikirie tena jambo hilo maishani mwake. Mtu mfupi hukanyaga kwa ncha za vidole, na kuanzia siku hiyo huwa mtafiti.

Kwa upande wa binadamu, kipimo kinacholingana na hicho ni urefu wa ndani wa mguu, yaani umbali kutoka kwenye kinena hadi kisigino, ambao fundi cherehani huupima huku akitazama pembeni. Mtu mwenye mguu wa sentimita 74 angedhaniwa kupungukiwa na sentimita 5 tu mbele ya kiti cha sentimita 79, lakini kiti kina upana, mapaja hulazimika kuumaliza upana huo kabla miguu haijaanza kuteremka, na kwa hiyo kiti kipana huweza kumnyima mtu ardhi ambayo kiti chembamba chenye kimo kilekile kingempa. Upungufu huu hauna madhara yoyote chombo kinapokwenda, kwa sababu hakuna anayeendesha pikipiki akiburuza miguu chini isipokuwa anayejifunza. Madhara hutokea chombo kinaposimama: kwenye foleni, kwenye taa, pembezoni mwa lami ambapo bega la barabara limeliwa na mvua za masika, na zaidi ya kote mbele ya kijiwe cha bodaboda, ambako pikipiki yenye uzito wa zaidi ya kilo 110 hulala ubavu polepole, kwa heshima zote, ikimpa mmiliki muda wa kutosha kutambua nyuso za wanaomtazama. Hakuna anayeumia sana katika ajali ya mwendo wa sifuri. Kinachovunjika ni kioo cha pembeni, mkono wa klachi na jina la mtu.

Suala hili si la wapenzi wa pikipiki peke yao. Mwaka 2022 Serikali ya Tanzania iligawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani ili wawafikie wakulima, na katika kundi kubwa kiasi hicho la watumishi, wanaume kwa wanawake, haiwezekani kwamba kila mmoja alikuwa na mguu uliokusudiwa na mchoraji wa chombo alichokabidhiwa. Mtumishi hupimwa kwa cheti, leseni na miaka ya kazi. Urefu wa mguu hauombwi popote, na huja kujulikana siku ya makabidhiano, mbele ya mgeni rasmi, funguo zikiwa zimeshatolewa na mpiga picha akisubiri mkabidhiwa apande.

Tiba za mwanzo za tatizo hili ni za mavazi. Viatu vya soli nene huongeza sentimita 2 au 3, na laiti viatu vya raizoni vilivyovuma katika miaka ya 1970 visingechekwa leo, huenda nusu ya makala hii isingekuwa na haja ya kuandikwa. Lakini soli nene huufanya mguu usiisikie gia, hivyo aliyepata ardhi huipoteza gia ya pili. Tiba inayofuata ni ya sponji: fundi viti hukifungua kiti, akachonga sponji kwa kisu kirefu, kisha akalivuta kava na kulibana upya. Kazi hii ni rahisi, hairudishwi nyuma, na humpa mwenye chombo sentimita 2 za ardhi kwa kumnyang'anya sentimita 2 za makalio, kwani chini ya sponji kuna bamba la plastiki gumu au la chuma ambalo, baada ya kilomita 30 za barabara ya vumbi, huanza kujitambulisha. Ni baada ya kukutana na bamba hilo ndipo mtafiti hugeuza macho nyuma, akainama, na kuziona shokapu.

Shokapu, katika pikipiki za aina inayozungumziwa hapa, ni vyombo viwili vinavyosimama kwa kulala kidogo upande wa kulia na wa kushoto wa gurudumu la nyuma, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwa bolti juu kwenye fremu na chini kwenye mkono wa nyuma, yaani kile chuma chenye pacha kinachoshika gurudumu na kupanda na kushuka pamoja nalo. Ndani ya kila shokapu mna kazi mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito na kuurudisha juu baada ya kubonyea. Bomba lililo katikati ya springi, lenye mafuta na pistoni iliyotobolewa matundu madogo, ndilo linaloizuia springi isiendelee kuruka juu na chini baada ya kila shimo, kwa sababu mafuta hulazimika kupenya katika matundu hayo na hayapendi kufanya hivyo kwa haraka. Springi bila bomba humrusha mtu. Bomba bila springi humkalisha chini mara moja, na halimwinui tena.

Sasa, springi hizi zimekadiriwa kwa mizigo. Mtengenezaji anayeuza pikipiki Afrika Mashariki anajua vizuri kwamba kiti kilichoandikwa cha watu wawili kitakaliwa na mishikaki ya watu watatu na mtoto, au magunia mawili, au kitanda, na kwa hiyo huweka springi ngumu. Naye mwenye bodaboda, asiyeamini kwamba kiwanda kimeweka ugumu wa kutosha, huikaza zaidi kwa kuzungusha ile pete yenye ngazi iliyo chini ya springi, ambayo kila ngazi yake huisukuma springi juu kwa milimita chache. Mtu mfupi, ambaye mara nyingi ni mwepesi pia, anapolikalia dude hilo peke yake, springi hazitambui kwamba kuna mtu. Kampuni ya Harley-Davidson ya Marekani imekuwa ikitaja, pamoja na kimo cha kawaida, kimo cha kiti kinapokuwa kimekaliwa na mtu wa ratili 180, yaani karibu kilo 82. Ni desturi ya uungwana, ila inaonyesha pia jinsi mambo yalivyogawanywa bila haki, kwa sababu mtu wa kilo 82 anayeizamisha springi na kujipatia ardhi ni nadra kuwa ndiye aliyeihitaji, na mtu wa kilo 52 aliyeihitaji hubaki juu kama alivyopandishwa. Hatua ya kwanza inayostahili kuchukuliwa, basi, ni kuirudisha pete ile kwenye ngazi ya chini kabisa kwa spana yenye ndoano, pande zote mbili kwa usawa, jambo ambalo hugharimu dakika tano na huweza kumshusha mpandaji kwa kitu kinachokaribia sentimita moja. Kwa kuwa halina gharama, watafiti wengi hulipuuza.

Hatua wanayoipendelea ni kununua shokapu fupi. Urefu wa shokapu hupimwa kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, yaani kati ya bolti na bolti, na kwa pikipiki nyingi ndogo urefu huo huwa kati ya milimita 320 na 340. Kipimo hiki ni chepesi kukichukua kwa rula, na ndiyo maana hushangaza kuona kinavyochukuliwa kwa shubiri, kwa kamba ya kiatu, kwa kulinganisha na shokapu ya jirani, au kwa jicho la muuza spea ambaye, bila kunyanyuka kwenye kiti chake, hutamka kwamba zile za pikipiki fulani ya matairi madogo "zinaingia bila shida, bosi wangu." Kauli hiyo haina uongo. Zinaingia. Matundu yake yanaweza kuwa ya milimita 10 mahali pa bolti ya milimita 12, lakini fundi ana tupa ya mviringo, bushi, yaani ile pete ya mpira iliyo ndani ya tundu, inaweza kuwa nyembamba kuliko nafasi, lakini fundi ana washa, na mwenye chombo akiuliza kwa sauti ya chini, "Fundi, hakuna madhara?" hujibiwa kwamba nyingi zimeshafungwa namna hiyo na hakuna aliyerudi. Hoja ya mwisho hupokewa kama ushahidi wa ubora, ingawa mtu aliyezoea kupima ushahidi angependa kwanza kujua hao wasiorudi walikwenda wapi.

Tuseme shokapu mpya ni fupi kwa sentimita 4. Mmiliki hulipia sentimita 4, hubeba sentimita 4 mkononi kutoka dukani, na huamini kwamba atashuka sentimita 4. Hapa ndipo hesabu ya kweli inapoanza, na ndipo panapostahili kukaliwa kwa muda, kwa sababu sehemu kubwa ya huzuni zinazofuata zimo humo. Kwanza, shokapu haikufungwa kwenye ekseli ya gurudumu bali mbele yake kidogo, hivyo ikifupishwa kwa sentimita 4 gurudumu hupanda kuelekea kwenye madigadi kwa zaidi ya hizo, tuseme 4 na nusu. Hadi hapo habari ni njema. Pili, hata hivyo, pikipiki haishuki yote kwa pamoja kama lifti. Gurudumu la mbele limebaki lilipokuwa, na chombo chote kimeinama nyuma kikizunguka kwenye ekseli ya mbele, kwa namna kwamba kila kitu hushuka kulingana na umbali wake kutoka mbele. Ekseli mbili za pikipiki ndogo huachana kwa karibu sentimita 128. Mwendeshaji hukaa kiasi cha sentimita 48 mbele ya ekseli ya nyuma, na kwa hiyo fungu lake ni sentimita 2.8. Abiria, anayekaa karibu kabisa juu ya gurudumu, ambaye hakulalamika, hakuchangia na huenda ni mrefu, hupata sentimita 3.8. Sahani ya namba, iliyo nyuma ya ekseli, hupata zaidi ya 5. Mgao huu unafanana na pilau ya harusi ambayo mwenye shughuli huionja wa mwisho, na hakuna fundi, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kuubadilisha, kwa sababu haukupangwa gereji bali katika jiometria.

Sentimita 2.8 si haba. Kwa mtu aliyekuwa akigusa ardhi kwa kucha, zinatosha kumpa ncha nzima ya unyayo, na furaha ya siku ya kwanza ni ya haki; wapo wanaosimamisha pikipiki mahali pasipo na haja ya kusimama, kwa ajili ya kukanyaga tu. Tatizo ni kwamba kila sehemu ya chombo ilikuwa imepatana na nyingine juu ya kimo kimoja, na sasa mmoja amejitoa katika mapatano bila kuwataarifu wenzake.

Wa kwanza kulalamika huwa ni stendi ya pembeni, yaani ule mguu mmoja wa chuma unaokunjuliwa upande wa kushoto ili pikipiki iuegemee. Urefu wake ulikadiriwa ili chombo kilale kidogo kushoto, kwani ni huko kulala kunakokifanya kitulie. Pikipiki ikishuka, stendi haishuki, na kilichokuwa mguu sasa ni nguzo inayoisimamisha pikipiki karibu wima kabisa, katika hali ambayo humpendeza mpiga picha na kumtisha mwenye mali, kwa maana upepo wa daladala inayopita, mbuzi anayejikuna au mtoto anayejaribu kioo vinatosha kuiangusha upande wa kulia, ambao hauna stendi. Hivyo mmiliki aliyekuwa akianguka na pikipiki akiwa juu yake sasa huiona ikianguka yenyewe akiwa hotelini anakunywa chai, jambo ambalo kwa upande wa afya ni maendeleo.

Tiba ya stendi ni kuikata na kuichomelea upya. Stendi hii iko karibu na katikati ya chombo, kwa hiyo, kwa hesabu ileile ya mgao, inapaswa kupunguzwa kwa sentimita 2 na nusu tu. Lakini fundi wa kuchomelea huuliza shokapu zimepungua kwa kiasi gani, akajibiwa 4, akakata 4. Matokeo yake ni pikipiki inayolala kushoto kiasi cha kuonekana imechoka. Katika injini zenye kabureta, yaani kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kwenye silinda, kiasi cha petroli hudhibitiwa na boya dogo linaloelea, na boya hilo hufanya kazi vizuri kikombe kikiwa kimekaa sawa. Kikilazwa kupita kiasi, petroli huweza kufurika na kutoka kwa matone kupitia mrija wa chini. Doa linaloonekana asubuhi sakafuni hufasiriwa kuwa ni wizi wa mafuta, na mlinzi wa usiku huhojiwa.

Stendi ya kati, ile ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma hewani, ina kisa chake, na pengine ndicho chenye kejeli kali kuliko vyote. Ili kuisimamisha pikipiki juu ya stendi hiyo, mtu hukanyaga kichuma cha pembeni na kuvuta nyuma, na chombo hupanda kwa tofauti iliyopo kati ya urefu wa stendi na kimo cha chombo. Chombo kimeshushwa, tofauti imeongezeka, kazi iliyokuwa ya mtu mmoja sasa inahitaji mtu mwenye uzito na mikono mirefu. Mmiliki aliyefupisha pikipiki yake ili asimtegemee mtu husimama kando ya barabara na pancha, akisubiri apite kijana mrefu.

Halafu kuna taa. Kuinama nyuma kwa sentimita 4 na nusu katika umbali wa sentimita 128 ni sawa na nyuzi 2, kiasi ambacho hakuna jicho linalokiona mchana. Usiku, hata hivyo, nyuzi 2 husafiri: mwanga wa taa kubwa huwa umeinuka kwa sentimita 70 zaidi katika umbali wa mita 20, na kwa mita 1 na robo tatu katika umbali wa mita 50, maana yake ni kwamba barabara imeachwa gizani ili matawi ya miembe, madirisha ya ghorofa ya kwanza na macho ya dereva wa lori linalokuja yaangazwe ipasavyo. Dereva wa lori hujibu kwa taa zake zote. Mmiliki, aliyekwisha kutia moyoni kwamba madereva wa malori ni watu wakorofi, huwajibu nao, na ugomvi huu unaweza kuendelea kwa miezi kadhaa kabla mtu hajamwambia kwamba nyuma ya taa kuna skrubu ya kuinamisha mwanga, inayozungushwa kwa bisibisi ya kawaida.

Juu ya matuta hakuna haja ya kusema mengi, kwa sababu matuta hujisemea yenyewe. Pikipiki iliyokuwa na nafasi ya karibu sentimita 17 kati ya tumbo lake na ardhi imebaki na chini ya 15, na katika mitaa ambako tuta hujengwa na wananchi kwa juhudi zao, bila kipimo na mara nyingi kwa hasira baada ya ajali, tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kama stendi ya kati itapita kimya au itapiga kengele. Mnyororo nao huonekana umekaza kuliko ulivyokuwa, kwa kuwa mkono wa nyuma umesogea karibu na mstari mnyoofu kutoka sproketi ya mbele hadi ekseli, mahali ambapo mnyororo hukaza kuliko popote; mwenye bidii huulegeza, ingawa ulikuwa umeshapimwa kwa ajili ya hali hiyo, na kuanzia hapo unapiga kava lake mpaka majirani wanajua saa anayorudi nyumbani.

Shokapu fupi zenyewe huwa za aina mbili, na mnunuzi huuziwa moja bila kuambiwa ipo nyingine. Aina ya kwanza ni fupi kwa mwili lakini ina mwendo uleule, yaani pistoni husafiri umbali sawa na wa zamani, na hivyo gurudumu, lililoanza safari yake sentimita 4 na nusu juu zaidi, huishia juu zaidi pia, ndani ya madigadi, ambako tairi huanza kusaga plastiki, waya za taa ya nyuma na hatimaye lenyewe. Aina ya pili imepunguziwa mwendo: badala ya sentimita kama 10 za kupanda na kushuka, zimebaki 6, na shimo ambalo zamani lilimezwa sasa hufika mwisho wa shokapu kwa kishindo ambacho uti wa mgongo hukipokea bila mkalimani. Abiria, ambaye ndiye aliyepata mgao mkubwa wa sentimita, ndiye pia anayekaa karibu zaidi na kishindo hicho, na haki, kwa mara hii moja, inaonekana kutendeka.

Ipo njia ya mkato ambayo haina budi kutajwa kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, nayo ni kukata springi. Fundi huitoa springi, akaondoa mizunguko kadhaa kwa msumeno au jiwe la kukatia, na kuirudisha. Wengi huamini kwamba springi iliyokatwa huwa laini, lakini ukweli ni kinyume: ugumu wa springi huongezeka kadiri mizunguko inavyopungua, hivyo springi ya mizunguko 20 ikibakishiwa 16 huwa ngumu kwa robo nzima zaidi. Isitoshe, urefu wa shokapu isiyobeba mzigo hauamuliwi na springi bali na bomba la katikati, ambalo halikukatwa. Kwa hiyo pikipiki ikiinuliwa, springi fupi hubaki imelegea, ikigongagonga ndani ya nafasi yake, na mmiliki hupata chombo ambacho kikiwa kitupu hulia, na kikipakiwa hupiga.

Madhara yaliyobaki yako mbele, ambako hakuna aliyegusa chochote. Pembe ambayo foki za mbele, yaani yale mabomba mawili yanayoshika gurudumu la mbele, hulala nayo kutoka kwenye wima, imeongezeka kwa nyuzi zilezile 2. Katika mwendo mkubwa hali hii huufanya usukani utulie, sifa ambayo wapenda pikipiki ndefu za Kimarekani huilipia fedha nyingi. Katika mwendo mdogo, kinyume chake, usukani huanza kudondokea upande unaogeuzwa, na mpandaji hulazimika kuushika usiende zaidi ya alivyotaka. Ikumbukwe kwamba mwendo mdogo ndiyo shida iliyomleta gereji. Ameongezewa ardhi, naye ameongezewa pia sababu ya kuihitaji. Tiba inayokubalika ni kulegeza vishikio vya foki na kuzipandisha kiasi ili mbele nako kushuke, na ikifanywa kwa vipimo, chombo hurudi kwenye mlalo wake wa kiwandani, mwendeshaji hupata sehemu ya mgao aliyodhulumiwa, na taa hurudi barabarani. Ni kazi nzuri. Pia ni kazi inayopunguza tena nafasi ya juu ya tuta, na inayofanya stendi, ambayo imeshakatwa na kuchomelewa mara moja, ihitaji kuangaliwa upya.

Katika historia ya mbio za pikipiki kuna watu wafupi walioamua kutoingia katika mlolongo huu. Mbelgiji Gaston Rahier, aliyekuwa na kimo cha karibu sentimita 164, alishinda mashindano ya Paris–Dakar mwaka 1984 na 1985 akiwa juu ya BMW yenye silinda mbili zilizotokeza pembeni na tangi la mafuta ambalo lilikuwa karibu kumficha. Miguu yake haikufika chini, na alijulikana kwa kuidandia pikipiki ikiwa imekwisha kuanza kwenda, kwa mtindo ambao kondakta yeyote wa daladala angeutambua. Mhispania Dani Pedrosa, wa sentimita 160 hivi, alishinda mbio 31 za daraja la MotoGP. Kanuni inayotokana na watu kama hao ni fupi, nayo ni kwamba pikipiki iliyosimama haihitaji miguu miwili. Mtu akitelezesha kalio moja nje ya kiti kabla ya kusimama, akaweka unyayo mzima wa kushoto chini na kuuacha wa kulia juu ya breki, hupata sentimita nyingi kuliko shokapu yoyote ifungwayo gereji, bila kumgawia abiria hata moja. Kwa maoni ya mwandishi, mbinu hiyo pamoja na pete ya springi iliyolegezwa ingetosheleza walio wengi. Haipendwi, kwa sababu mbili: inahitaji mazoezi, na haina kitu cha kumwonyesha mtu.

Kuhusu shokapu za awali, mmiliki makini huzifunga katika gazeti na kuzihifadhi uvunguni, kwani mnunuzi wa baadaye ataziulizia. Lakini wengi huziacha gereji kwa muda, na kitu kilichoachwa gereji kwa muda hupata mwenyewe haraka. Kwa kawaida huyo ni mtu mrefu, mbeba magunia, anayetaka nyuma ya pikipiki yake kuinuke, na ambaye zile zilizokuwa ndefu kwa mwenzake zinamfaa barabara. Hufungiwa siku hiyohiyo. Kesho yake hurudi akilalamika kwamba pikipiki, ikiwa stendi, inalala mno na petroli inatona, naye fundi wa kuchomelea, baada ya kuitazama stendi na kukubali kwamba kweli ni fupi, huenda kwenye kopo lake la vipande vya chuma, akachokoachokoa, akatoa kimoja chenye urefu wa sentimita 4, kikiwa bado na rangi yake, akamwambia mteja kwamba ana bahati.